Masharti ya fedha za umeme wa jua: jibu kwa wanaouliza kutoka Kavimvira hadi Musenyi

Tangu tulipozungumza katika kipindi kuhusu fedha za wafadhili kwa ajili ya umeme wa jua na wa maji, simu hazijakoma. Wengine wanapiga kutoka Kalundu na Kiliba, wengine ni ndugu zetu waliovuka Ruzizi mwaka 2025 na sasa wako Musenyi, upande wa Burundi. Swali ni lile lile: "Ndugu mwanahabari, na sisi tunaweza kupata?" Redioni nina dakika tatu tu, kwa hiyo najibu hapa.

Ninachokijua nimekijua kwa kukaa na kikundi kimoja cha akina mama wa Kavimvira. Karibu nusu yao ni wahamaji kutoka Luvungi na Katogota. Wanataka plake za jua, batri na pampu ya kuvuta maji ya kisima, na kando yake meza ya kuchaji simu ili ipatikane pesa ya kutengeneza pampu ikiharibika. Waliniomba niwasomee tangazo la mfadhili mmoja, kwa sababu lilikuwa kwa Kifaransa kigumu. Tulilisoma jioni tatu.

Kwa nini maji? Mkaaji yeyote wa Uvira anajua. Umeme wetu wa SNEL unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, lile la kwanza la wakati wa Wabelgiji na la pili la mwaka 1989 ambalo tunagawana na Rwanda na Burundi. Umeme ukikatika, pampu za REGIDESO zinasimama, robine zinakauka, na watu wanashuka ziwani na bidoni. Watafiti waliochunguza Uvira kati ya mwaka 2009 na 2014 waliona kwamba baada ya siku moja bila maji ya robine, wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata. Kwa hiyo akina mama hawa hawaombi taa ya kupendeza nyumba.

Sasa masharti. Tangazo lilitaka kwanza hati za shirika: usajili, namba ya kodi, akaunti ya benki. Hayo yanatafutika, ingawa kila muhuri una bei yake. Likataka mchango wa mwombaji mwenyewe, asilimia 30 ya gharama yote. Tulipofika hapo wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akauliza kama mikono yao ya kuchimba na kubeba mawe inahesabiwa. Swali zuri sana. Wafadhili wengine wanakubali kazi na vifaa viwe sehemu ya mchango, wengine wanataka pesa taslimu tu. Ulizeni kabla ya kuandika chochote, na jibu mlipate kwa maandishi.

Sharti lililowauma zaidi lilikuwa hesabu za miaka miwili zilizokaguliwa na mtaalamu. Mama mweka hazina, ambaye alikuwa na kikundi kama hiki huko Luvungi, alivua miwani akasema: "Mwanangu, miaka miwili iliyopita daftari letu lilikuwa ndani ya nyumba. Nyumba yenyewe leo sijui nani analala ndani." Sikuwa na la kumjibu. Halafu hati ya kiwanja. Mhamaji atatoa wapi hati ya kiwanja?

Lakini tusiseme wafadhili wana roho mbaya tu. Sote tunayajua mashirika ya valizi, yanayozaliwa siku ya tangazo na kufa siku ya malipo. Tumeona pia pampu zilizozinduliwa kwa ngoma na hotuba, na baada ya misimu miwili batri zimeibwa na fundi hajulikani aliko. Anayeuliza "nani atalipa matengenezo?" anauliza swali letu sisi wenyewe. Ninachopinga ni kumpima aliyekimbia risasi kwa karatasi ambazo risasi zenyewe zilimpokonya.

Kuna pia sharti la nchi, na hili wengi hawalifahamu. Mfuko unaoitwa EEP Africa unasaidia miradi ya nishati safi katika nchi 15 za Afrika ya Mashariki na Kusini. Ziwa Tanganyika linazungukwa na nchi nne. Katika orodha niliyoisoma, Burundi imo, Tanzania imo, Zambia imo. Kongo haimo. Usiku ukisimama Kavimvira unaona taa za Bujumbura, na huko kikundi kina haki ya kubisha hodi kwenye mlango huo ambao kwako hata haupo. Mfuko una haki ya kuchagua eneo lake. Ila ninyi mlio Musenyi, mkipata mshirika aliyesajiliwa Burundi, someni masharti yake vizuri.

Mfuko mwingine, Beyond the Grid Fund for Africa, unaosimamiwa na Nefco ya nchi za Nordiki, Kongo imo. Huo unalipa kwa matokeo: kampuni inaunganisha wateja, wakaguzi wanahakikisha, ndipo pesa inatoka. Ni njia nzuri ya kuzuia wizi. Lakini lazima uwe na mtaji wa kununua vifaa kabla ya kulipwa, kwa hiyo inawafaa makampuni zaidi ya vikundi. Sheria yetu namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa watu binafsi, na kwa vijiji na pembezoni mwa miji kuna ofisi ya serikali inayoitwa ANSER. Kikundi kinaweza kumleta kampuni mezani na kusema: sisi ndio wateja, tuko familia kadhaa, tutalipa kiasi hiki kwa mwezi.

Kuna mfano mmoja ambao naupenda. Huko Goma kampuni Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020. Shirika Energy Peace Partners lilibuni vyeti vya nishati kwa ajili ya nchi zenye vita na umaskini wa umeme, Microsoft ikanunua vya kwanza kutoka mtambo huo, na fedha zikasaidia kuweka taa za barabarani katika kartie Ndosho. Hapo vita haikuwa sababu ya kufungiwa mlango. Ilikuwa sababu ya kufunguliwa. Sijui kwa nini wazo hilo halijashuka hadi kwenye vikundi vidogo.

Na jambo moja la haraka: mtu akikuomba dola 20 za "kufungulia dosye", huyo si mfadhili. Mifuko niliyoitaja hapa haiombi pesa kwa mama anayejaza fomu. Nimesikia kisa kama hicho Mulongwe na kingine Sange.

Akina mama wa Kavimvira wamechagua kuingia kupitia kooperative ya wavuvi wa jirani, iliyosajiliwa zamani na yenye hesabu zake. Wavuvi watatia sahihi, akina mama watasimamia maji, na mgawanyo wa pesa ya kuchaji simu umeandikwa mbele ya mkuu wa kartie. Mabishano yalichukua Jumapili mbili. Kimebaki kiwanja. Mzee mwenye parseli amekubali kisima kichimbwe kwake, lakini anataka mkataba wa miaka mitano. Mfadhili anadai kumi. Jumatano tunarudi kwake.