Ruzuku, Mvua na Lahajedwali: Wiki Mbili Kitui na Makueni

Nimekuwa kimya kwa muda, na wale mlioniandikia barua pepe mkiuliza kama nimeacha mambo ya kompyuta nawajibu hapa hapa: sijaacha. Nilikuwa Ukambani. Wiki moja Kitui mjini, wiki nyingine Wote kule Makueni, nikiwa mmoja wa wakufunzi watatu katika mafunzo ya wafanyakazi wa vyuo vikuu kuhusu usimamizi wa ruzuku za utafiti. Umri wangu ulikuwa mdogo kuliko wa mtu yeyote chumbani, na shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta wala si ya uhasibu. Niliitwa kwa sababu ya programu ndogo niliyoiandika. Nitaieleza huko mbele, ingawa siyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona ruzuku kwa karibu, mambo huenda hivi. Mhadhiri anaandika ombi, mfadhili anakubali, na pesa zinaingia katika akaunti ya chuo, siyo ya mhadhiri. Kuanzia siku hiyo chuo ndicho kinachodaiwa maelezo ya kila shilingi. Gharama isiyo na ushahidi mfadhili anaikataa, na chuo kinailipa kutoka mfukoni mwake. Mfuko wa chuo cha umma nchini Kenya, hali yake mnaijua. Kwa hiyo kati ya mhadhiri mwenye haraka na mfadhili mwenye kanuni anakaa mtu mmoja, karani au mhasibu, ambaye jina lake halionekani kwenye makala yoyote ya kisayansi. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wangu.

Ofisi zao ni changa, na kuna sababu. Chukua mfano wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichoko Kwa Vonza katika kaunti ya Kitui. Kilianza kama taasisi ya kilimo ya Ukambani, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2008, kikapata hati yake Machi 2013. Mwaka huo huo vyuo vishiriki vingi vya Kenya vilipewa hati. Maana yake ni kwamba taasisi nyingi ziliingia kwenye mashindano ya ruzuku za kimataifa zikiwa na walimu wazuri na ofisi ya ruzuku yenye meza moja, pengine bila hata mtu wa kudumu. Bara la Afrika lenyewe lilipata kiwango chake cha pamoja cha usimamizi mzuri wa fedha za ruzuku mwaka 2018 tu. Hawa watu hawajachelewa, jamani. Kazi yenyewe ni mpya.

Sasa niwaambie nilichojifunza, kwa maana nilienda kufundisha lakini somo kubwa nilipewa mimi. Siku ya pili Kitui tuligawa zoezi. Mradi wa kubuni: ruzuku ya miaka miwili, majaribio ya mbegu za ndengu katika mashamba ya wakulima karibu na Mutomo na mengine Kathonzweni. Pesa zinaanza Januari. Nilitarajia watu wabishane juu ya bajeti. Mama mmoja, mhasibu wa miaka mingi, akanyanyua mkono akauliza, "Kijana wangu, vuli ziko ngapi hapo?"

Sikulielewa swali. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mjukuu. Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba. Ile ya masika, Machi hadi Mei, inaweza kuja na inaweza kukudanganya. Ndengu huchukua kama miezi miwili hadi mitatu shambani, kwa hiyo ukikosa kupanda mvua inapoanza umekosa. Ruzuku ya miaka miwili kwenye karatasi ni vuli mbili kwenye udongo. Na matokeo ya msimu mmoja peke yake, daktari wa kilimo yeyote atakuambia, ni vigumu kuyachapisha kwa sababu hujui kama umepima mbegu au umepima mvua ya mwaka ule.

Basi tukafuta ubao, tukaanza kuhesabu kurudi nyuma. Mbegu ziwe shambani mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo ziwe stoo katikati ya Oktoba. Kwa hiyo hati ya kuagiza itoke Septemba. Kwa hiyo bei za wauzaji zikusanywe na kulinganishwa Agosti, maana sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 haimruhusu mhadhiri kwenda tu dukani akanunua. Kwa hiyo ombi la ununuzi liandikwe Julai. Na Julai ni nini? Julai ndio mwaka wa fedha wa serikali ya Kenya umeanza upya. Vitabu vya Juni 30 vinafungwa, bajeti mpya bado inapakiwa, na ukiuliza unaambiwa ngoja kidogo. Kibibi cha watu hakikuwa na haja ya kompyuta yangu. Alikuwa anaona mgongano huo kichwani mwake kabla sijawasha projekta.

Sisi waandika programu tuna mazoea ya kusema kazi hii inategemea ile, na ile inategemea nyingine, kisha tunachora mishale. Lakini kalenda alizonazo mhasibu wa ruzuku huko Kitui ni nne, na hakuna hata mbili zinazoanza pamoja. Ya chuo inaanza Julai 1. Ya serikali ya Marekani inaanza Oktoba 1. Ya miradi ya Umoja wa Ulaya haijali mwezi, inahesabu tangu siku mradi wako ulipoanza, mwezi wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi na nane unapodaiwa ripoti. Ya nne ni ya mvua, na hiyo haina ofisi ya kuombea nyongeza ya muda. Mfadhili anaweza kukuongezea mwaka bila kukuongezea pesa, ni jambo la kawaida. Wingu halijui barua.

Ndiyo maana nasema saini iliyochelewa wiki tatu Nairobi ni wiki tatu, lakini saini hiyo hiyo ikichelewa kwa utafiti wa mashamba makavu ni mwaka mzima. Watu wanalalamika kwamba pesa za utafiti Kenya ni kidogo, nami nalalamika pamoja nao: sheria ya sayansi ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa, na hatujafika. Ila kuna jambo jingine lisilozungumzwa, nalo ni pesa zilizokwisha kuingia benki zikashindwa kufika shambani kabla ya mvua.

Usiku ule hotelini nilibadilisha programu. Ilikuwa inaanza na tarehe ya kupokea pesa kisha inakwenda mbele. Sasa inaanza na tarehe ambayo kazi ya shambani lazima ianze, halafu inarudi nyuma na kukupigia kelele. Mistari kama mia moja ya Python, si jambo la kujisifia. Data inakaa kwenye faili moja la SQLite, hakuna seva, hakuna haja ya mtandao, unaibeba kwenye flashi. Umeme ukikatika unaendelea kwenye kipakatalishi mpaka betri iishe.

Tulipohamia Wote, tukizungukia Machakos, mjadala ukageuka kuwa wa ushahidi. Hapa ndipo kanuni za wafadhili na maisha ya watu wetu hukutana uso kwa uso. Kanuni nyingi zimeandikwa na watu ambao teksi yao inachapisha risiti. Msaidizi wako wa utafiti amepanda bodaboda kutoka sokoni hadi shamba la sita, njia ya mchanga, mto mkavu katikati. Amelipa shilingi 300. Mwenye bodaboda hana kitabu cha risiti na akiombwa saini anafikiri unamfanyia uchunguzi. Amewalipa vijana wanne vibarua vya palizi. Amenunua maji. Ukimwambia akalete risiti unamfundisha kuzitengeneza, na hapo umeharibu mtu mwaminifu kwa mkono wako mwenyewe.

M-Pesa imesaidia sana kuliko tunavyokiri. Ujumbe una nambari ya muamala, kiasi, tarehe, saa na jina la mpokeaji. Lakini haukuambii ni ya nini. Kwa hiyo katika programu yangu swali la kwanza kwenye skrini halihusu kiasi. Linauliza: pesa hii ni ya kazi gani, shamba gani, mstari upi wa bajeti? Kiasi utakitafuta hata mwaka kesho kwenye taarifa ya simu. Sababu ukiikosa siku ile ile imepotea, maana aliyelipa atakuwa amesahau au amehama. Washiriki walikubaliana pia juu ya vocha moja yenye jina la mlipwaji, nambari ya muamala, sababu, na saini ya msaidizi na ya mtafiti mkuu, na kwamba vocha hiyo mfadhili aonyeshwe na kuikubali kwa maandishi kabla ya mradi kuanza, siyo siku mkaguzi ameketi mbele yako.

Mambo mengine madogo yaliyochukua muda kuliko nilivyodhani. Risiti za mashine zinachapishwa kwa joto, na ukiziacha kwenye dashibodi ya gari Kitui mwezi wa pili zinarudi ofisini karatasi nyeupe. Piga picha siku hiyo hiyo. Excel inakula sufuri ya mwanzo, nambari ya simu ya 07 inabaki 7, na orodha ya wakulima mia mbili inakuwa haiwezi kulipika. Tarehe 03/04 kwa Mmarekani ni Machi 4, kwetu ni Aprili 3, na gharama ya siku moja kabla ya mradi kuanza haikubaliki hata kama ni halali kabisa. Andikeni jina la mwezi kwa herufi. Kuhusu dola nilitumia mfano mmoja tu: mapema 2024 dola ilikuwa kama shilingi 160, kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Dola 20,000 zilizopangiwa matumizi ya shilingi milioni 3.2 zikaingia kama milioni 2.6. Chumba kizima kilinyamaza. Nadhani baadhi yao hawakuhitaji mfano.

Halafu likaja suala lililowasha moto kweli: nani anamlipa huyu karani? Mshahara wake hutoka kwenye ile sehemu ya ruzuku inayoachiwa chuo kwa gharama za jumla, umeme, ofisi, uhasibu. Taasisi ya afya ya Marekani, NIH, kwa miaka mingi iliwapa washirika wa nje asilimia 8. Mpango wa Horizon Europe unatoa 25. Kwa mradi wenye gharama za moja kwa moja za shilingi milioni 5, tukiacha vifaa vikubwa na vitu vingine visivyohesabiwa, tofauti ni 400,000 dhidi ya 1,250,000. Kazi ya mhasibu ni ile ile. Wahadhiri wawili waliokuwepo walisema chuo kinanyonya utafiti kwa kukata pesa hizo. Mimi naona wana haki nusu. Wana haki pale pesa inapokatwa na ofisi ya ruzuku isiione. Hawana haki wanapotaka ripoti safi kutoka kwa mtu asiyelipwa na mradi wowote.

Mwaka 2025 ulionyesha bei ya ofisi dhaifu. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kuamuru kazi zisimame, na Julai 1 USAID ikafungwa rasmi. Mei ya mwaka huo NIH nayo ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ndogo kwa washirika wa nje kwa mfumo uliokuwepo. Ruzuku nyingi za aina hiyo hulipwa kwa kurudishiwa: unatumia kwanza, unadai baadaye. Mshiriki mmoja, wa taasisi ambayo sitaitaja, alisimulia jinsi amri ilivyowakuta vocha za miezi minne ziko kwenye mkoba wa msaidizi aliyekuwa kijijini. Walichokuwa wamekamilisha walikidai. Kilichobaki walikuwa wanakikusanya miezi kadhaa baadaye, kutoka kwa watu ambao hawakuwa waajiriwa wao tena.

Siku ya mwisho Wote, baada ya muthokoi na chai, yule mama wa swali la vuli, aliyetufuata kutoka Kitui kwa wiki ya pili, aliniletea flashi yake. Alitaka programu na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, siyo Kiingereza, kwa sababu wasaidizi wa shambani ndio watakaojaza. Nikamnakilia. Nikamuuliza ataanza kuitumia lini. Akaniambia yeye yuko kwa mkataba wa miezi sita sita, huu wa sasa unaisha Juni 30, na bado hajaambiwa kama ataongezewa. Akaniomba nami nimfundishe karani kijana anayekaa meza ya pili, iwapo. Karani huyo nimeshazungumza naye kwa simu mara mbili. Tunaendelea Jumanne.