Hesabu Haikuwa na Kosa

Kombewa iko karibu na Ziwa Victoria, lakini upepo wake hauna chumvi. Nilipofika huko kufundisha, nyanya yangu alinipigia simu kutoka Mji wa Kale, Mombasa, akaniuliza, "Mjukuu wangu, maji ya huko yana chumvi?" Nikamjibu kuwa hayana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Basi watu wake huwahifadhi vipi samaki wao?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na shahada ya ualimu, na masomo yangu yalikuwa uchumi na biashara. Lakini swali la kwanza la uchumi wa mahali nilipotumwa liliulizwa na mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani ila chuoni, juu ya jamvi, mbele ya mwalimu wake wa Qur'ani.

Wengi wetu watu wa Pwani twaijua Kisumu kwa sababu ya reli iliyotoka kwetu ikafika huko mwaka 1901. Kombewa haijulikani sana. Ukitoka Kisumu ukashika njia ya Bondo, unapita Kisian, na mbele yake unaikuta: soko, hospitali, maduka ya barabarani, na vijia vinavyoteremka kuelekea ziwani. Wenyeji ni Waluo wa Seme. Walinipokea vizuri. Wanawake wa sokoni waliniona na buibui langu, wakaniita "nyar Mombasa", yaani binti wa Mombasa, na jina hilo likanikaa.

Zamani uchumi ulikuwa ukifundishwa katika shule zetu za sekondari kama somo linalosimama peke yake. Baada ya mtaala kurekebishwa mwaka 2002, uliunganishwa na biashara, uhasibu na kazi za ofisi, yote yakawa somo moja. Mwanafunzi husoma humo jinsi bei inavyopanda na kushuka, pato la taifa, fedha na benki, kodi, mfumuko wa bei na biashara ya nchi za nje. Mada ni nyingi na mtihani haumngoji mtu. Kwa hiyo mwalimu huandika ubaoni, watoto hunakili, na wakati mwingine elimu hupita kutoka daftari moja hadi jingine bila kugusa maisha ya yeyote.

Nami nilianza hivyo. Nilieleza habari ya bei kwa mifano ya kitabuni, na wasichana wa kidato cha tatu wakanitazama kwa adabu wasiseme neno. Siku moja niliwauliza wao: kwa nini bei ya omena hupanda? Omena ni wale dagaa wadogo wa ziwani. Darasa likaamka. Mmoja akasema kuwa kuanzia mwezi wa Aprili hadi mwisho wa Julai uvuvi wa omena hufungwa, ili samaki wapate kuzaana. Mwingine akasema hata nje ya miezi hiyo, usiku wa mbalamwezi omena ni haba, kwa kuwa wavuvi huwavuta kwa taa, na taa haina nguvu penye mwezi mpevu. Wa tatu akasema mvua ikinyesha wakati omena wameanikwa, hawakauki vizuri, na wasipokauka huuzwa kwa bei ya chini wakawe chakula cha kuku. Ndipo nilipopata jibu la nyanya yangu: huko chumvi ni jua.

Nilisimama nikiwasikiliza, nikaona kuwa hawa watoto huhesabu mwezi kama tunavyouhesabu sisi, na kwamba yale niliyokuwa nikiyaita ugavi na mahitaji waliyajua kabla ya kuvaa sare ya shule. Walichokosa ni maneno ya kuyaeleza katika karatasi ya mtihani.

Tangu siku hiyo niligeuza njia. Tulipofika mada ya umiliki wa biashara, wao ndio walionieleza jinsi wavuvi wanavyogawana pato. Kwanza hutolewa gharama za usiku, kisha kinachobaki hugawanywa kwa mafungu: mwenye mtumbwi na nyavu ana lake, na waliotoka kuvua wana lao. Ziwa likitoa, wote hupata. Ziwa likinyima, wote hurudi mikono mitupu. Nikawaambia kuwa mabaharia wa majahazi ya kwetu walilipwa kwa mafungu vivyo hivyo, na kwamba zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, huko Makka, mfanyabiashara mwanamke, Bibi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alitoa mali yake na kuwapa watu waaminifu wakaifanyie biashara kwa kugawana faida. Sikulisema hilo kwa kuhubiri. Darasa lile ni la watoto wa makanisa mbalimbali, na amana ya mwalimu ni kufundisha alichoajiriwa kufundisha. Nililisema kwa sababu ni historia ya biashara, na kwa sababu wasichana walipenda kusikia kuwa mwenye mtaji alikuwa mwanamke.

Basi nikajiona nimefaulu. Na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa Julai, na kidato cha nne walikuwa katika mada ya fedha na benki. Niliwapa kazi: kila mmoja aandike mfano wa mkopo mmoja, kiasi kilichokopwa, kilicholipwa na kilichobaki. Wengi waliandika mifano ya kubuni yenye benki na magari. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, mtulivu, mwenye mwandiko mzuri, aliandika hivi: mtu amekopa shilingi 4,000 mwezi wa Machi; amelipa shilingi 800 mwezi wa Aprili, 800 mwezi wa Mei, 800 mwezi wa Juni na 800 mwezi wa Julai; deni lililobaki ni shilingi 4,000.

Nikatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Tena sikutosheka. Niliiandika hesabu ile ubaoni, bila kumtaja aliyeiandika, nikawauliza wenzake: "Mtu aliyekwisha kulipa 3,200 atabakije na deni la 4,000? Mwenzenu amesahau nini?" Baadhi yao wakacheka. Yeye akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, sikusahau. Hilo ni deni la mama."

Kicheko kilikatika. Nami niliishiwa na maneno.

Baadaye alinieleza. Mama yake huuza omena. Mwezi wa Machi alikopa kwa mtu anayekopesha pale kijijini ili anunue omena wengi kabla ya uvuvi kufungwa. Mvua ikamharibia. Mtaji ukaenda, na miezi minne ya mfungo wa ziwa ikaingia. Sharti la mkopo lilikuwa kwamba kila mwezi alipe shilingi 800, nazo hazipunguzi deni; ni za kungojewa tu. Ili deni lishuke, lazima alete zile 4,000 zote kwa mkupuo. Alikuwa akiuza mboga apate 800, na kila alipozipata zilikwenda.

Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo neno riba lilitamkwa kwa kushusha sauti. Nilijua hukumu yake tangu utotoni. Lakini darasani nilikuwa nimeifundisha kwa miaka kama kanuni ya hesabu: zidisha kiasi kwa kiwango kwa muda, gawanya kwa mia, pata alama zako mbili. Kinywa kimoja kilisema ni haramu, na kingine kilisema ni fomula, wala vinywa hivyo viwili havikuwahi kukutana. Riba iliponijia ilivyo, imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto aliyeishi nayo, sikuitambua. Nilidhani mtoto hajui kutoa.

Kilichoniuma zaidi ni sitara. Sisi tumefundishwa kuzisitiri aibu za watu, nami niliianika ubaoni aibu ya nyumba isiyo yangu. Nilimwomba radhi msichana yule mbele ya wenzake, maana mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima. Jumamosi iliyofuata, kwa idhini yake, nilikwenda kumwomba radhi mama yake.

Nilimkuta nje ya nyumba akichambua mboga. Alinipa kiti, akaniletea uji, akasikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu, usijisumbue. Wewe ulidhani mtoto amekosea hesabu. Mimi pia kila mwezi hudhani nimekosea hesabu."

Maneno hayo sijayasahau. Mama huyu alikuwa na akili ya biashara kuliko mimi. Alijua bei ya omena Kombewa na bei yake Kisumu, alijua lini anunue na lini angoje. Lakini deni lile halikuwa limeandikwa popote. Kila mwezi alilibeba kichwani kama jambo jipya, na kila alipolipa alihisi kama amepiga hatua. Nilimwomba binti alete daftari, akaandika mbele yetu safu mbili: kilicholipwa na kilichobaki. Safu ya kwanza ilikua: 800, 1,600, 2,400, 3,200. Safu ya pili ilisimama palepale: 4,000, 4,000, 4,000, 4,000. Mama aliitazama ile safu ya pili kwa muda mrefu. Binti akaongeza, "Mwezi ujao tutakuwa tumelipa 4,000 kamili, na tutadaiwa 4,000 kamili."

Mimi sikumpa fedha, wala hakuniomba. Dawa ilitoka kwa wenzake. Wanawake wa huko wana chama cha kupeana fedha kwa zamu wanachokiita nyoluoro, sawa na mchezo tunaoucheza sisi mitaani kwetu. Chama chake kilikuwa na watu 10, kila mmoja akitoa shilingi 400 kwa mwezi, na zamu yake ilikuwa ya karibu na mwisho. Alichukua daftari akawaonyesha. Aliyekuwa na zamu ya mwezi wa Agosti akasema, "Chukua wewe, mimi nitachukua yako." Zile 4,000 zilikwenda zote kwa mkopeshaji kwa mkupuo, na deni likafa. Tarehe 1 Agosti ziwa lilikuwa limefunguliwa. Alianza upya kwa omena wachache, bila mtaji wa kutosha, na mwaka ule haukuwa mwepesi kwake. Lakini zile 800 za kila mwezi zilibaki nyumbani.

Yule aliyempisha zamu hakuongezewa hata shilingi. Hakusoma uchumi, wala si Mwislamu. Lakini kumpa muda mwenye dhiki, jambo ambalo Qur'ani Tukufu imetuhimiza katika Suratul Baqara, alilitenda bila kuambiwa na mtu.

Sasa nikifundisha mada ile, ninaanza na safu mbili. Wanafunzi wakiniuliza kama kuna benki isiyotoza riba, ninawaeleza kuwa Kenya ilianza kuwa na benki kamili za namna hiyo mwaka 2008, Gulf African Bank na ile iliyoitwa First Community Bank wakati huo, na benki za namna hiyo hujipatia faida kwa kuuza na kushirikiana. Ninawafundisha pia kuuliza maswali matatu kabla ya kupokea mkopo wowote, hata ule wa kubofya simu: Nitarudisha jumla ya kiasi gani? Ninacholipa kinapunguza deni, au ni cha kungojewa tu? Na nikikwama, itakuwaje? Mara nyingine nyongeza haiitwi riba. Huitwa ada, huitwa huduma. Jina likibadilika, safu ya pili haibadiliki.

Nawaandikia haya mama zangu na dada zangu wa Pwani kwa sababu nikirudi likizo naona mambo ni yaleyale. Tunawafundisha watoto kuwa riba ni haramu, na ni wajibu wetu. Lakini je, tumewahi kuketi nao tukawaonyesha kwa kalamu inavyomla mtu? Tumewaonyesha daftari la matumizi ya nyumba? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika sura ileile ya Baqara, inahusu kuandika madeni. Huwa tunaisoma kwa tajwidi nzuri, kisha tunakopa na kukopesha kwa mdomo, kwa kuoneana haya.

Mtoto wa sekondari anaweza kuwa mwandishi wa hesabu za nyumba yake. Mpeni daftari. Na akiwaletea hesabu inayoonekana kuwa na kosa, msiharakishe kuchukua kalamu nyekundu kama nilivyofanya mimi. Muulizeni kwanza ameipata wapi.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhiki ya madeni, na awape afueni walio ndani yake, wa bahari na wa ziwa. Amin.