Mtutu wa Bunduki ya Mjomba

Mwaka jana neno langu moja lilimpotezea mjomba wangu mbuzi wawili, na lilikuwa karibu kumpotezea macho. Nataka kuwaeleza wasomaji jinsi lilivyokuwa, maana najua ya kuwa katika vijiji vyetu wamo wazee wenye bunduki kuukuu kama yake, na walimu walio wepesi wa kusema kama mimi.

Mjomba hulima mahindi na muhogo upande wa mto Ruvubu, si mbali na mahali unapoungana na Kagera juu ya maporomoko ya Rusumo. Nguruwe-mwitu humjia usiku. Anayo bunduki moja ya Kiingereza, ya namna ya Lee-Enfield, yenye kibali cha serikali, aliyoirithi kwa baba yake. Upana wa tundu la mtutu wake ni sehemu 303 katika elfu za inchi. Lakini risasi zake zimekuwa adimu, na mtutu umeliwa na kutu. Jioni moja akaniuliza, "Mwalimu, wewe msomaji wa vitabu, je, mtutu waweza kuondolewa ukatiwa mwingine, wa risasi zipatikanazo siku hizi?" Nami, kwa kutaka kuonekana mjuzi, nikamjibu, "Naam, mjomba, Waingereza wenyewe walifanya hivyo." Sikusema zaidi, kwa kuwa chakula kilikuwa tayari.

Siku ya nne nikasikia amekwisha kuuza mbuzi wawili, amempa fundi mmoja fedha ya kutangulia. Fundi huyo, ambaye jina lake nalificha, alikuwa na mtutu uliotoka katika bunduki nyingine iliyovunjika, asili yake haijulikani, akaahidi kuuunga kwa moto. Usiku ule sikulala vema. Nilipokuwa mtoto nalimwona mtu ambaye gobore lilimpasukia mkononi. Alikuwa akifunga kamba za mizigo kwa vidole viwili na meno.

Nililomwambia mjomba lilikuwa kweli, lakini lilikuwa nusu. Mwaka 1871 Waingereza waliwapa askari wao bunduki iitwayo Martini-Henry. Kifungio chake kilitoka kwa Martini wa Uswisi, na mtutu kwa Alexander Henry wa Edinburgh. Tundu lake lilikuwa pana, sehemu 45 katika mia za inchi, na risasi yake nzito, gramu 31. Mwaka 1888 wakachagua risasi nyembamba ya 303, yenye gramu 14 hivi. Bunduki za zamani zilikuwa nyingi mno, ikawa hasara kuzitupa. Basi tangu 1889 wakazitoa mitutu na kuzitia mipya myembamba. Bunduki za namna hiyo zilifika hata Afrika ya Mashariki, mikononi mwa askari wa King's African Rifles katika miaka ya kwanza baada ya jeshi hilo kuundwa 1902. Hiyo ndiyo nusu niliyomwambia mjomba.

Nusu ya pili imo ndani ya mtutu, mahali macho yasipofika. Mtutu wa bunduki ya namna hii si bomba tupu. Ndani yake imechongwa mifereji izungukayo kama mzabibu uzungukao mti, nayo huishika risasi na kuizungusha ipate kwenda imenyooka. Kila mtoto wa Rusumo aliyecheza pia ajua jambo hili: pia izungukayo kwa nguvu husimama wima, na ikichoka huyumba, kisha huanguka. Risasi isiyozunguka vya kutosha huyumba vivyo hivyo hewani, ikapiga shabaha kwa ubavu, au isiipige kabisa.

Izungushwe kiasi gani, basi? Mwaka 1879 Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, alitoa kanuni fupi. Chukua unene wa risasi kwa inchi, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 150, halafu ugawe kwa urefu wa risasi. Jibu ni idadi ya inchi ambazo ndani yake risasi yapaswa kuzunguka mara moja kamili. Niliingia darasani peke yangu wanafunzi walipokwisha kwenda, nikaandika ubaoni. Risasi ya Martini-Henry ilikuwa na urefu wa inchi moja na robo na kidogo; jibu likawa karibu na 24, na Henry alichonga 22. Risasi ya 303 urefu wake ni karibu uleule, lakini ni nyembamba sana. Jibu likawa kati ya 11 na 12, na mafundi walichagua 10. Katika kila namna waliongeza mzunguko kidogo kuliko kanuni, wapate usalama. Lakini tazama tofauti: risasi iliyo nyembamba kwa urefu uleule yataka mzunguko wa haraka zaidi ya mara mbili. Kama wangaliiacha mifereji ya inchi 22 katika mitutu mipya, kazi yote ingalikuwa bure.

Na hata hao, wenye viwanda na vipimo, walikosea mara moja. Mifereji ya kwanza, aliyoibuni Metford, haikuwa na kina kirefu, maana ilifanywa kwa baruti nyeusi. Ilipokuja baruti mpya isiyo na moshi, moto wake mkali ukaila. Ikabidi mwaka 1895 wachonge upya, mifereji mitano badala ya saba, yenye kina zaidi. Baadaye, katika miaka ya 1960, kiwanda cha Ishapore nchini India kilipofanya bunduki za umbo lilelile la Lee-Enfield kwa risasi ya milimita 7.62, yenye msukumo mkubwa zaidi, kilitumia chuma chenye nguvu kuliko cha zamani. Nililiwaza hilo sana kuliko habari ya shabaha. Fundi wetu asiyejua hata mtutu wake ulitoka wapi, atajuaje kama kifungio cha bunduki ya babu kitavumilia? Kifungio hicho ndicho kikaacho mbele ya jicho la mpigaji.

Asubuhi nikaenda kwa mjomba. Kumwambia mtu mzima aliyekulea ya kuwa umempoteza si jambo jepesi. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, na habari ya pia. Nikamwonyesha pia na karatasi ya kibali, iliyoandikwa namba ya bunduki na upana wa tundu lake. Akiubadili mtutu bila idhini, kibali hakitakuwa cha bunduki ile tena. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuyasema haya siku ile?"

"Sikuyajua, mjomba. Nalijua kidogo tu."

"Na hicho kidogo ndicho ulichonipa mimi."

Sikuwa na la kujibu. Tukaenda pamoja kwa fundi. Bunduki alikuwa hajaigusa, namshukuru Mungu, lakini fedha alisema imekwisha. Mbuzi nimemlipa mjomba mwenyewe kutoka mshahara wangu, mmoja mwezi wa saba na mmoja mwezi wa tisa. Bunduki tuliipeleka polisi pamoja na karatasi zake, akaisalimisha.

Sasa hulinda shamba kwa kupiga debe. Siku za Ijumaa mimi hushika zamu yake, maana kesho yake hakuna shule. Juma lililopita nalisinzia karibu na alfajiri, na nguruwe wakala mistari mitatu ya mahindi. Mjomba alipokuja kuihesabu aliniuliza kama katika vitabu vyangu hamna kanuni ya kumzuia mwalimu asilale.