Sauti ya Spika Isiyokuwepo



Mvua ikinyesha juu ya mabati, tunaisikia juu ya vichwa vyetu. Pikipiki ikipita nyuma ya nyumba, tunajua inakoelekea kabla hatujageuka. Tuna masikio mawili tu, lakini hupima tofauti ndogo sana: sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, tena kwa nguvu zaidi, na akili huitumia tofauti hiyo kutambua upande. Filamu nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa kuufuata ukweli huo. Ndani ya DVD moja mara nyingi mna sauti sita zilizotengwa: ya mbele kushoto, ya mbele kulia, ya katikati, mbili za nyuma, na moja ya besi peke yake. Ndiyo maana mfumo huo huitwa 5.1: spika tano za kawaida, na moja ya mivumo mizito.

Wazo la kumzungushia msikilizaji sauti ni la zamani kuliko umeme. Adrian Willaert, aliyekuwa mkuu wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venezia, Italia, tangu mwaka 1527, alichapisha mwaka 1550 zaburi za kuimbwa na kwaya mbili zinazojibizana. Baada yake Giovanni Gabrieli aliandika, kwa ajili ya kanisa hilohilo, muziki wa makundi ya waimbaji na wapiga vyombo waliosimama mbalimbali. Karne nyingi zikapita, na mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein akaomba hati ya uvumbuzi wake wa kurekodi sauti kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Spika zilizomo majumbani mwetu leo ni matunda ya kazi hiyo.

Katika kikundi chetu cha vijana, hapa Bukavu, jambo hili lilitufikia kwa njia ya fedha. Tulikuwa tumezoea kuonyesha filamu katika ukumbi wa parokia kwa kompyuta moja na spika mbili ndogo. Waliokaa nyuma walilalamika kwamba hawasikii. Wengine wakapendekeza tununue seti kamili ya spika sita, na fedha zitoke katika kisanduku chetu. Lakini kisanduku kile kina kazi yake: huwasaidia wenzetu wanaomaliza shule ya sekondari kulipa gharama za mtihani wa Serikali. Mama anayetusindikiza kama mshauri akauliza kwa upole, «Wanangu, filamu tutaisikia vizuri. Je, siku ya mtihani ni nani atakayebaki nyumbani?» Ukumbi ukanyamaza. Kisha kijana mmoja akasema kwamba kwao kuna bafle mbili za kompyuta zisizotumika. Zikijumlishwa na zetu, zingekuwa nne.

Palikuwa na sababu nyingine ya kutafuta zaidi ya kelele kubwa. Miongoni mwetu yuko mdogo wetu asiyeona. Huja katika kila onyesho, na kwake sauti ndiyo picha. Akijua mlango umefunguliwa upande gani, na nyayo zimetoka wapi, huifuata hadithi pamoja nasi. Sauti zote zikitoka mahali pamoja, hulazimika kumnong'oneza jirani yake na kuuliza nani ameingia.

Kazi yenyewe si ngumu, lakini ina utaratibu wake. Watu wengi hudhani inatosha kununua kiunganishi chenye matundu mawili na kuchomeka seti zote mbili katika tundu moja. Kiunganishi hicho huzigawia seti zote mbili sauti ileile. Ukumbi utapata nguvu zaidi, lakini kilichokusudiwa nyuma hakitasikika nyuma. Kila seti inahitaji tundu lake. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani matundu ya sauti yana rangi: la kijani ni la spika za mbele, jeusi ni la spika za nyuma, na la rangi ya chungwa ni la spika ya katikati pamoja na besi. Kompyuta yenye matundu matatu tu mara nyingi huweza kuamriwa, kwa programu ya kadi yake ya sauti, ilitumie tundu la buluu kwa ajili ya spika za nyuma. Yenye tundu moja tu la sikioni itahitaji kadi ya sauti ya nje, ile inayochomekwa kwa njia ya USB, nayo iwe na matundu ya kutosha.

Kila spika ibaki na pacha wake. Spika za kompyuta zina amplifaya yake ndani, na kwa kawaida amplifaya hiyo hukaa katika spika moja na kumlisha mwenziwe kwa waya. Asitokee mtu wa kukata nyaya ili kuunganisha seti mbili kwa nguvu, maana amplifaya mbili zikielekezwa moja kwa nyingine zinaweza kuungua. Seti zote mbili zichomekwe katika soketi za mahali pamoja, maana vyombo vinavyochukua umeme mahali mbalimbali mara nyingine huleta mvumo usiokoma. Waya mrefu wa spika za nyuma upitishwe kando ya ukuta, mbali na nyaya za umeme na miguu ya watu.

Seti yetu na ile iliyoazimwa hazikufanana. Moja ilikuwa na sauti nene, nyingine nyembamba. Ile nene tuliiweka mbele, kwa sababu mbele ndiko yanakotoka maneno na sehemu kubwa ya muziki. Ile nyembamba tuliipeleka nyuma kidogo ya wasikilizaji, kushoto na kulia, juu ya vichwa vyao, ili asiwepo mtu wa kukaa karibu nayo mno. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, yaani mita moja kwa sehemu tatu hivi za elfu ya sekunde. Muda huo ni mdogo, lakini sikio huujali. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti moja ikitufikia mara mbili kwa kufuatana upesi, tunaona kama inatoka upande uliotangulia, hata kama ile ya pili ina nguvu kuishinda kidogo. Basi anayekaa chini ya spika ya nyuma atadhani filamu nzima iko mgongoni mwake.

Halafu mmoja wetu alikaa katikati ya ukumbi, mvumo uleule ukachezwa katika kila spika kwa zamu, na sisi tukazungusha vifundo. Spika dhaifu haikuweza kupandishwa zaidi. Iliyobaki ni kuishusha ile yenye nguvu mpaka zote nne zilingane. Wengine waliona ni hasara kuipunguza spika nzuri. Filamu ilipoanza waliona faida yake, kwa maana hapakuwa na pembe ya ukumbi iliyozifunika nyingine.

Yaliyotokea kabla ya hapo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike. Kompyuta huuliza una spika ngapi. Kijana aliyekuwa kwenye kibao aliona orodha, akachagua 5.1, kwa kuwa ndiyo kubwa. Tukaweka filamu ya majaribio. Muziki ulitujia kutoka mbele na nyuma, magari yakapita, mvua ikanyesha kila upande. Wote tulifurahi, isipokuwa mdogo wetu asiyeona. Aliinua uso akauliza, «Yaya, watu wamekwenda wapi?»

Tukatazama picha. Midomo ilikuwa inacheza bila maneno. Katika filamu nyingi mazungumzo huwekwa katika sauti ya katikati. Sisi tulikuwa tumeiambia kompyuta kwamba spika ya katikati ipo, nayo ikatutii: ikayapeleka maneno yote kwenye tundu lisilo na waya. Sisi wenye macho tulidanganywa na picha na vishindo. Yeye ndiye aliyetambua kwamba binadamu wametoweka.

Dawa yake haikugharimu hata faranga moja. Tulirudi kwenye orodha tukachagua spika nne, kama zilivyokuwa kweli. Mara programu ya kuchezesha filamu ilipojua kwamba ya katikati haipo, iliichukua sauti yake ikaigawa kwa zile mbili za mbele, ya kushoto na ya kulia sawasawa. Kwa aliyekaa katikati, maneno yalisikika kana kwamba yanatoka kwenye kitambaa cheupe chenyewe, mahali ambapo hapakuwa na spika yoyote. Kiti hicho cha katikati tulimpa mdogo wetu, na jioni ile hakumnong'oneza mtu.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi katika mikutano yetu. Tunapanga kazi kana kwamba tuko sita, na kumbe tuko wanne. Tunamwandikia wajibu yule aliyehamia Goma, au yule aliyeacha kuja kwa sababu ambayo hatujamwuliza. Kwenye karatasi orodha inapendeza. Lakini neno lililokabidhiwa kwake linapotea kimya, na sisi hatulitambui, kwa kuwa ngoma bado zinalia. Kama tungekiri wazi kwamba hayupo, wenzake wawili wangeweza kulibeba neno lake wakati tunamtafuta. Kukiri upungufu si kumtupa mtu. Ni njia ya kulilinda neno alilokuwa amelishika.

Spika ya katikati bado hatuna. Tukiipata siku moja, tutaiunganisha katika tundu la rangi ya chungwa na kubadilisha hesabu. Kisanduku kiko salama, na mwaka huu kimewasindikiza wenzetu hadi mlangoni mwa chumba cha mtihani. Nanyi, mtakapokutana Jumapili, kabla ya kugawana kazi, hesabuni waliopo. Halafu mwulizeni yule anayesikiliza kuliko wote ni sauti ya nani asiyoisikia.