Chumvi kwa Kijiko

Mashine yenyewe haiumi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza Mama hakulala, kwa sababu alijua anaenda kuchomwa. Ndivyo tunavyosema huku kwetu: mgonjwa wa kansa akipelekwa kwenye mionzi "anachomwa", kama mahindi ya kando ya barabara. Kumbe unalala kwenye kitanda chembamba, kila mtu anatoka chumbani, mlango mzito unafungwa, mashine inakuzunguka ikivuma kama friji kuukuu, na baada ya dakika kama kumi na tano unajifunga leso yako unatoka. Hakuna moto, hakuna harufu. Mama alitoka akiniangalia kama mtu aliyeuziwa hewa.

"Ndio hiyo tu?"

Ndiyo hiyo tu, mara 30. Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita. Kila siku grei 2, ambacho ndicho kipimo cha mionzi, mpaka zitimie 60. Daktari alitueleza kwa nini hawampi zote siku moja wakamalizana naye. Mionzi inaumiza seli za kansa pamoja na seli nzima, lakini zile nzima zinajua kujirekebisha vizuri zaidi kabla ya kesho asubuhi. Ndiyo maana dozi inagawanywa kidogokidogo. Na ndiyo maana haifai kuruka siku ovyo, kwa sababu ukiacha nafasi ndefu, seli za kansa nazo zinapata muda wa kuota tena. Kazi yetu basi ilikuwa moja: kufika.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumfikisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandikia watu vitu kwa laptop, nalipwa kwa kila kazi. Kwenye familia yetu hiyo inaitwa kukosa kazi. Lakini lilipokuja swali la nani ana asubuhi 30 za bure, kila mtu aligeuka akaniangalia, na kwa mara ya kwanza maisha yangu yakaonekana kama yalipangwa na mtu mwenye akili.

Mama ana kibanda cha chakula karibu na gereji, Kariobangi. Madondo, githeri, matumbo, chapo, chai ya maziwa. Mafundi wanamwita Mathe, hata wale wanaomzidi umri. Hajawahi kupima chumvi kwa kitu chochote isipokuwa ulimi wake. Anachota mchuzi kwa mwiko, anaumwagia kiganjani, anaramba, anaangalia juu kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kisha anaongeza au haongezi. Miaka 20 biashara imesimama juu ya huo ulimi. Hapo ndipo kidonda kilipotokea, pembeni upande wa kulia, kidogo kama punje ya dengu. Alisema ni jino lililovunjika linamkwaruza. Kilikataa kupona. Daktari wa meno alipokiona hakugusa jino. Alisema kidonda cha mdomoni kinachopita wiki mbili tatu bila kupona lazima kichunguzwe, akakatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara. Baada ya majibu wakamfanyia upasuaji: sehemu ya ulimi ikatolewa pamoja na tezi za shingoni. Mionzi ilikuwa ya kufagia kile ambacho kisu hakikuona.

Kabla hata ya mashine aling'olewa meno manne. Hilo lilitushangaza. Kumbe mfupa wa taya ukishapigwa mionzi hauponi vizuri, na jino bovu likija kung'olewa baadaye linaweza kuacha kidonda kisichofunga. Kwa hivyo meno mabovu yanatangulia kutoka. Kisha ikaja barakoa. Walichukua bamba la plastiki lenye matundu, wakalilowesha kwenye maji ya moto hadi likalegea kama chapati mbichi, wakamlaza Mama na kumfunika nalo usoni hadi mabegani. Dakika chache likakauka na sura yake. Kila siku barakoa hiyo ndiyo ilifungwa kwenye kitanda kumzuia asisogee hata kidogo, kwa sababu mionzi imelengwa. Macho yamefumbwa, taya haifunguki, huwezi kumeza vizuri. Wanakuona kwa kamera, ukiwa na shida unainua mkono. Nilimuuliza huwa anafikiria nini humo ndani. Akaniambia huwa anapika. Anaanza na vitunguu, na mashine ikizima huwa bado hajaweka nyanya.

Swali tuliloulizwa kuliko yote halikuwa anaendeleaje. Lilikuwa, "Kwani alikuwa anavuta?" Jirani aliuliza, mama mmoja wa kanisani aliuliza, hata mtu wa kundi la WhatsApp la harambee aliuliza kabla ya kutuma mia mbili. Ni kweli tumbaku na pombe ndizo zinazosababisha nyingi ya kansa za mdomo, na zikikutana hatari inazidi. Lakini wapo wanaougua bila kugusa hata moja, na Mama ni mmoja wao. Wiki ya kwanza nilikuwa najibu kwa haraka: hapana, hajawahi, hata sigara hajui inashikwaje. Nilikuwa namtetea. Halafu kwenye benchi la kungojea tukazoeana na mzee mmoja aliyevuta tangu akiwa kijana, mdomo wake ukiwa na vidonda vilevile, akishika shavu vilevile wakati wa kumeza mate. Nikaona jibu langu linamwacha yeye nje kwenye mvua. Nikaacha kujibu. Anayeuliza swali hilo anatafuta uhakika kwamba yeye hayatamkuta, na sisi hatukuwa na uhakika wa kugawa.

Swali la pili lilikuwa la watoto. Anti, mdogo wake Mama, aliambiwa na mtu asimwache kitukuu wa jirani akae mapajani mwa Mama, eti ana mionzi. Hana. Mionzi ya aina hii inapita na kuisha mashine ikizima, haibaki mwilini kama manukato. Mtaalamu wa mionzi alitueleza hivyo mara ya kwanza, nami nimeyarudia maneno yake plotini mpaka nikaitwa Daktari.

Wiki mbili za mwanzo tulijiona mashujaa. Asubuhi matatu, adhuhuri tuko nyumbani, Mama anapitia kibandani kumkosoa Anti. Mwisho wa wiki ya pili, siku ya tisa au ya kumi, alikunywa chai akaitema. Alidhani maziwa yamelala. Nikaonja, iko sawa. Akaomba nyingine, akaweka vijiko vinne vya sukari, akaonja, akaweka kikombe chini taratibu. "Inakaa maji ya kuoshea sufuria," alisema, na kwa vile ulimi wake ulikuwa umepunguzwa, maneno yalitoka yamelowa, ikabidi ayarudie.

Sijawahi kumwona Mama akilia kwa sababu ya kansa. Hakulia siku ya majibu wala siku ya kisu. Alilia kwa sababu ya chai.

Baada ya hapo ndipo tulipojua mahali tiba inapofanyika. Hospitalini ni dakika kumi na tano. Saa zingine zote ni jikoni. Wiki ya tatu vidonda vilitanda mdomoni. Mate yakawa machache, na yaliyobaki yakawa mazito kama utomvu, anaamka usiku kuyavuta kwa kitambaa. Shingo ikaiva ikawa nyeusi, halafu ikaanza kubambuka. Kila baada ya saa mbili tatu alisukutua kwa maji yenye chumvi kidogo na ile soda ya unga inayotiwa kwenye maandazi. Dawa hiyo unaipata duka la mtaa, na ndiyo iliyotusaidia zaidi ya vitu vingi vya bei. Nilijaza chupa ya lita moja kila asubuhi, kijiko kimoja cha kila kitu. Pilipili ilihama nyumbani. Nyanya na machungwa nayo. Kila kitu kilisagwa: uji wa wimbi na maziwa na siagi ya njugu, parachichi, mayai laini, supu ya mifupa iliyochujwa. Vyote viwe vuguvugu, si vya moto.

Kila wiki alipimwa uzani, na mizani ile niliiogopa kuliko mashine. Alianza na kilo 74. Akashuka 71, akashuka 68. Daktari alisema akiendelea hivyo atawekwa mrija wa puani wa kumlisha. Tena kuna jambo lingine: ukikonda sana, barakoa inakuwa pana, uso unacheza ndani yake, na pengine inabidi itengenezwe nyingine. Kwa hivyo kula kukawa sehemu ya kulenga. Nilimwekea alamu kwa simu, vijiko kumi kila saa. Alinichukia kwa siku kadhaa. Alikuwa ameshaacha kuongea ili kupunguza maumivu, anaandika kwenye daftari la shule la kurasa 96, na kuna ukurasa mzima ambao umeandikwa tu: "WEWE NI ASKARI JELA."

Waliandika mofini ya maji. Anti alipoona jina hilo akaniita nje. Kwake mofini ni dawa ya mtu anayeagwa. Tulirudi kumuuliza daktari, akasema ni dawa ya maumivu, na maumivu yakipungua mtu anameza, na akimeza anafika siku ya 30. Jioni hiyo Mama alikunywa uji bakuli nzima. Anti alimwangalia mpaka mwisho, halafu akaenda kuosha bakuli bila kusema kitu.

Kibandani, wakati huo, mambo yalikuwa yanaharibika. Anti anapika vizuri lakini anapika chakula cha Anti. Mafundi walianza kulalamika, leo chumvi nyingi, kesho madondo hayana ladha. Wengine wakahamia kwa jirani. Siku ya 19 nilimweleza Mama tukiwa kwenye matatu. Akatoa daftari, akaandika: "Nipeleke." Nikasema amechoka. Akapigia mstari.

Tulifika saa saba. Alisimama mbele ya sufuria ya madondo akachukua mwiko, akamwaga kiganjani, akapeleka mdomoni kwa mazoea. Chumvi ilimgusa vidonda akakunja uso wote. Maumivu aliyapata. Ladha, hakuna. Alisimama pale na kiganja chake wazi. Kisha akanivuta mkono, akaumwagia mchuzi kiganjani mwangu, akaniangalia.

Nikaonja. Nikasema haijafika. Akachukua kijiko cha chai, akatia kimoja, akaniangalia tena. Bado. Akatia nusu. Nikasema hapo. Akaandika kwenye daftari: "Madondo kilo 2, chumvi kijiko 1 na nusu." Tangu siku hiyo, kila tulipotoka hospitalini tulipitia kibandani. Matumbo. Githeri. Unga wa chapo. Yeye anatia, mimi naonja, daftari linaandika. Kitu alichokuwa akikijua kwa ulimi peke yake, kikawa kinatoka kidogokidogo kwa kijiko, kama dozi.

Siku ya 30 hakukuwa na sherehe. Walimpa barakoa yake aende nayo. Akaitia kwenye kiondo, juu yake akaweka fungu la sukuma, tukapanda matatu. Nilifikiri tumemaliza. Hiki ndicho kitu ningetaka kila anayemuuguza mtu akijue mapema: mionzi inaendelea kufanya kazi mwilini baada ya mashine kuzima, na siku zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Vidonda vilizidi. Tena hapakuwa na benchi, wala mzee wa kutusalimia, wala mtu wa kutuuliza asubuhi kama amekula. Wiki sita tulilalamika kuhusu ratiba ile, na ilipoisha tulikaa nyumbani kama watu walioshushwa steji isiyo yao. Nililazimika kutunga ratiba nyingine: kusukutua, mofini, uji, mizani tuliyoazima kwa duka la dawa. Wiki ya tatu ndipo alipomeza chapo iliyolowekwa kwenye chai. Kilo ilisimama 65, kisha ikaanza kurudi.

Sasa ni miezi saba. Picha za baada ya miezi mitatu zilikuwa safi, na kliniki zinaendelea. Sitasema amepona, kwa sababu yeye mwenyewe hasemi. Anatembea na chupa ya maji popote, maana mate hayajarudi yote na huenda yasirudi. Anapiga mswaki kwa dawa yenye floraidi kama mtu anayelinda benki. Utamu wa sukari umerudi kiasi. Chumvi inakuja na kuondoka, siku nyingine anaisikia, siku nyingine anasema ni kama mtu anaongea chumba cha pili.

Daftari limefunikwa na karatasi ya nailoni na linaning'inia kwenye msumari kibandani, likiwa na mapishi, "askari jela" na mengine yote. Anti analisoma kabla ya kuwasha jiko. Wiki iliyopita fundi mmoja aliyekuwa amehama alikula madondo, akapangusa sahani kwa chapo, akasema, "Mathe, sasa hapa umerudi." Yeye hakuwa ameonja ile sufuria. Aliipima.

Alimshukuru, akamrudishia chenji, kisha akanipigia kelele mimi niliyekuwa kwenye kona na laptop: kijiko kimepotea, nikitafute.