Bei ya kitanda kitupu juu ya Mto Naili

Ukiingia katika ofisi ya wakala wa safari na kuuliza nauli ya vyombo vya kitalii vipitavyo Mto Naili huko Misri, utatajiwa bei ya kuvutia. Usifurahi upesi. Bei hiyo, ndugu msomaji, ni ya mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake. Ukisema kwamba uko peke yako, uso wa karani utabadilika kidogo, kikokotoo kitabonyezwa, na utaambiwa uongeze nusu ya bei hiyo au hata uilipe mara mbili. Hutapewa chumba kikubwa zaidi, wala sahani mbili za wali. Unalipia kitanda kitakachokaa kando yako kikiwa kimetandikwa vizuri, usiku kucha, bila mtu.

Kwetu sisi, kusafiri peke yako bila kazi wala mazishi ni jambo la kutiliwa shaka. Shangazi atataka kujua umegombana na nani. Jirani atauliza kwa nini fedha hizo hazikununua ng'ombe. Lakini wako watu, tena si wachache, ambao wakingoja mwenzi wa kusafiri naye watazeeka wakingoja: mwalimu ambaye likizo yake haipatani na ya mumewe, mjane ambaye watoto wameshatoka nyumbani, kijana aliyedunduliza tangu alipoajiriwa na ambaye marafiki zake wote walisema "twende" hadi ilipofika siku ya kulipa. Kama wewe ni mmoja wao, maneno haya ni yako. Na neno langu la kwanza ni hili: ukienda peke yako, usiende kwa meli kubwa.

Njia yenyewe ni ya kilomita 220 hivi, baina ya miji ya Luxor na Aswan. Meli kubwa za huko ni hoteli za ghorofa zinazoelea. Nyingi huchukua abiria zaidi ya 100, na humaliza mwendo kwa siku tatu au nne. Zina kidimbwi cha kuogelea juu, duka la mapambo, na usiku mmoja wa ngoma ambapo wageni huvalishwa kanzu. Kwa familia yenye watoto si mbaya hata kidogo. Lakini mtu wa peke yake humezwa humo. Meza za chakula zimepangiwa watu wawili wawili na jamaa jamaa. Wewe utasogezewa kiti kwenye ncha ya meza ya watu waliokuja kuadhimisha ndoa yao, nao watakuonea huruma kwa siku tatu mfululizo. Jioni zinapofika gatini, meli hizo hufungwa ubavu kwa ubavu, nne au tano. Ukifungua pazia la dirisha ulilolipia bei ya watu wawili, unaona dirisha la meli ya pili na mzee wa watu akipiga mswaki.

Chombo cha kutafuta ni dahabiya. Hiki ni chombo cha matanga mawili, kirefu, chembamba, chenye vyumba vinane au kumi, pengine pungufu ya hapo. Jina lake halitakuwa geni masikioni mwako, kwa maana limetokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi dhahabu. Inasemekana mashua za watawala wa zamani zilipakwa rangi hiyo. Nahodha wake huitwa rais. Basi usishtuke ukisikia kwamba rais yuko juu anakunja tanga, au kwamba rais amegombezwa na mpishi. Ukifika pale ukidhani hujui hata neno moja la lugha yao, utajikuta unatambua sukari, chai, sahani na shukrani, na juu ya yote bakshishi, ambayo utaisikia kila ugeukapo.

Katika karne ya 19 wageni wenye uwezo walipanda Naili kwa dahabiya, safari ya miezi. Wapo waliokwenda bila jamaa zao. Mwingereza Lucie Duff Gordon, aliyekuwa akiugua kifua kikuu, aliwaacha mume na watoto Ulaya akaenda Misri mwaka wa 1862 akifuatana na mtumishi wake tu. Alikaa miaka mingi Luxor katika nyumba iliyojengwa juu ya hekalu lililofukiwa, akawa anawatibu majirani, na barua alizoandika nyumbani zilichapishwa kitabu mwaka wa 1865. Alifariki Cairo mwaka wa 1869. Baadaye zikaja meli za mvuke, halafu hoteli hizi zinazoelea, na dahabiya zikakaribia kusahauliwa kabla ya kufufuliwa katika miaka yetu.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote. Naili hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini. Upepo wa huko nao, karibu mwaka mzima, huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Kwa hiyo chombo hupanda mto kwa tanga na kushuka kwa mkondo, kana kwamba barabara imejengewa magari ya kwenda na ya kurudi. Wamisri wa kale, walipotaka kuandika "kwenda kusini", walichora mashua iliyotweka tanga. "Kwenda kaskazini" ikawa mashua isiyo na tanga, hata kama mtu alikwenda kwa miguu. (Ndiyo sababu pia Misri ya Juu iko chini kwenye ramani zetu. Watoto wangefundishwa hivyo shuleni, wasingekosea mtihani.) Dahabiya nyingi hazina injini. Upepo ukilala, huvutwa kwa kamba na mashua ndogo ya injini iliyo mbele kabisa. Upepo ukiamka, kamba hufunguliwa, matanga hutwekwa, na pale pale kelele zote hukoma. Utasikia maji, punda ng'amboni, na pampu ya mkulima anayemwagilia miwa.

Aghalabu dahabiya huanza safari Esna badala ya Luxor, ili kukwepa foleni. Hapo Esna pana boma la kuzuia mto, na vyombo hupitishwa kwenye chumba cha maji chenye milango miwili, ambacho hufungwa na kujazwa mpaka chombo kiwe sawa na maji ya juu. Meli kubwa hungoja zamu, na wachuuzi huzifuata kwa mashua za makasia wakirusha nguo na mashuka hadi sitaha ya juu. Ukitaka kununua unatupa fedha, usipotaka unatupa shuka, na wengine humwangushia mwenye mali majini. Wewe utafikishwa Esna kwa gari. Kabla ya kupanda, tazama hekalu la mungu Khnum, lililo ndani ya shimo la mita tisa hivi chini ya soko. Kuanzia mwaka wa 2018 mafundi wa Misri na Ujerumani waliondoa masizi darini, na rangi zilizotokea chini yake utadhani zilipakwa juzi.

Faida ya chombo kidogo ni kwamba kinaweza kutia nanga penye gati la jiwe moja. Meli kubwa hupita El Kab bila kusimama. Wewe utashuka na kuona kuta nene za udongo za mji wa kale, na kilimani kaburi la Ahmose mwana wa Ebana, baharia aliyepigana na Wahyksos zaidi ya miaka 3,500 iliyopita na kuchongesha ukutani habari za vita vyake na zawadi alizopewa. Halafu kuna Gebel el-Silsila, ambapo mto hubanwa na majabali pande zote mbili. Huko ndiko yalikochimbwa mawe ya mahekalu mengi ya Misri, na alama za patasi za wachongaji bado zimo ukutani, safu juu ya safu. Dahabiya hulala hapo, na wakati mwingine huwa ndiyo peke yake.

Edfu hutaikwepa, wala usiikwepe. Hekalu la Horus, mungu mwenye kichwa cha kozi, lilianzwa mwaka wa 237 kabla ya Kristo na kukamilika mwaka wa 57, na lango lake lina urefu wa mita 36. Katika karne ya 19 wanakijiji walikuwa wamejenga nyumba juu ya paa lake, kwa jinsi mchanga ulivyolifunika. Tatizo ni kwamba meli zote hufika asubuhi moja. Mwombe kiongozi wako mwende alasiri.

Na meza je? Katika dahabiya meza huwa moja. Watu wanane au kumi na wawili hula pamoja, hupitishiana mkate pamoja, na kufikia siku ya pili kila mmoja anajua mwenzake anapenda chai ya namna gani. Nilikuta watu wanne waliokuja peke yao katika chombo kilichokuwa na abiria tisa. Nisikufiche upande wa pili: ukichukiana na mtu siku ya kwanza, hakuna pa kukimbilia. Wala hakuna raha ukigundua kwamba abiria wengine wote ni ukoo mmoja kutoka Ufaransa na wewe hujui lugha yao. Kabla hujatoa hata senti, uliza ni watu wangapi wameshalipa, wanasema lugha gani, na kama chombo kimekodiwa na kikundi. Wakala asiyetaka kujibu maswali hayo, muage.

Hata hivyo, mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi hayakuwa ya mezani. Tulipokaribia Kom Ombo, baharia mmoja Mnubi alinyosha mkono mashariki, nyuma ya mashamba ya miwa, akanionyesha upande aliozaliwa. Akasema hapo si kwao. Kwao ni chini ya maji. Bwawa Kuu la Aswan lilijengwa kati ya mwaka wa 1960 na 1970, na ziwa lililojaa nyuma yake likafunika nchi yote ya Wanubi wa Misri. Takriban watu 50,000 walihamishwa mwaka wa 1963 na 1964 wakaletwa sehemu hizi za Kom Ombo, katika nyumba za serikali zilizo mbali na mto, watu ambao vizazi vyote walikuwa wakichota maji mlangoni. Wakati huo huo mataifa yalichanga fedha, na mahekalu ya Abu Simbel yakakatwa vipande na kupandishwa juu, jiwe kwa jiwe. Baharia yule hakuyasema haya kwa uchungu. Alisema babu yake alirudi kuangalia kiwango cha maji mpaka alipofariki.

Wanubi hawa, tusije tukachanganya, si wale wa Kibera. Jamaa zetu wa Kibera ni wazao wa askari waliotoka Sudan, na Kinubi chao kimezaliwa na Kiarabu. Wa Aswan wana lugha zao za kale zisizo Kiarabu. Lakini mtaje Kibera mbele ya Mnubi wa Aswan uone atakavyokaa kitako kutaka habari.

Ama kuhusu kina dada, ukweli ni kwamba sokoni Luxor na Aswan utasumbuliwa, utaulizwa mume yuko wapi, na utafuatwa na wenye magari ya farasi. Nguo za kujisitiri husaidia, neno "la, shukran" likisemwa bila kusimama husaidia zaidi. Chomboni hali ni tofauti kabisa. Mabaharia watakujua kwa jina, na usiporudi kwa wakati watatuma mtu.

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Wakati wa kiangazi chao joto hupita nyuzi 40. Ulizia viza mapema katika ubalozi wa Misri, Nairobi. Ama nyongeza ile ya kitanda kitupu, usiikubali kimya kimya. Wako wenye vyombo wanaoipunguza msimu ukiwa hafifu au vyumba vikibaki siku za mwisho, na wako wanaokubali kukupanga na msafiri mwingine wa jinsia yako. Bakshishi ya mabaharia hukusanywa pamoja siku ya mwisho na kugawanywa, nayo wewe utatoa ya mtu mmoja tu.

Dahabiya hukomea Aswan, kwa kuwa mbele kuna majabali na mabwawa. Hapo utasimama sitahani ukitazama maji ambayo kwa sehemu kubwa yametoka milima ya Ethiopia, lakini mengine yamepitia Jinja kutoka Ziwa Victoria, na kabla ya hapo yalikuwa Nzoia, Yala na Nyando. Utashusha mzigo wako na kupeana mikono na rais. Kabla hujapata teksi, mabaharia watakuwa wameshakunja matanga yote mawili na kuyafunga kwa kamba, kwa kuwa wanarudi kaskazini, na mto ndio utakaowapeleka.