.tel: jina moja la nambari zako zote

Leo tuangalie kiishio cha anwani ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona: .tel. Mnaijua .com, mnaijua .co.ke. Hii ya .tel ilibuniwa kwa kazi nyingine kabisa.

Anwani ya kawaida hukupeleka kwenye seva yenye tovuti. Kampuni ya Telnic ya London ilipofungua .tel kwa umma Machi 2009, haikutaka tovuti. Ilitaka nambari ya simu, barua pepe na mahali ulipo viwekwe ndani ya DNS yenyewe, yaani kile kitabu cha majina ambacho intaneti husoma kabla ya kufungua ukurasa wowote. Nambari zilihifadhiwa katika rekodi iitwayo NAPTR. Ukibadilisha laini, unarekebisha rekodi moja tu. Anayekutafuta anaendelea kutumia jina lilelile.

Je, kuna haja hiyo kwetu Nyamira? Ipo sana. Namjua muuza miche ya parachichi upande wa Keroka. Nambari yake imepakwa rangi ukutani, imo kwenye risiti, imo katika simu za wakulima. Aliugua muda mrefu, laini ikakaa bila kutumika, ikapewa mtu mwingine. Mvua ziliponyesha, wakulima walipiga wakapokelewa na mgeni asiyejua lolote kuhusu miche. Wakanunua kwingine. Sheria iliyotuwezesha mwaka 2011 kuhama mtandao na nambari yetu haikumfaa, maana nambari yenyewe haikuwa yake tena.

Basi .tel ingemwokoa? Sidhani, na sababu ni hizi.

Kwanza, wateja wake hupiga simu, hawaandiki anwani. Simu zao hazikujua kusoma NAPTR. Ilibidi mtu afungue kivinjari aone ukurasa uliotengenezwa na Telnic, na kurasa hizo zote zilifanana kama sare za shule.

Pili, jina hulipiwa kila mwaka. Usipolipa, linaenda kama ile laini.

Tatu, DNS husomwa na yeyote, hata matapeli. Palikuwa na njia ya kuficha nambari ionwe na marafiki tu, lakini rafiki naye alihitaji kujiunga.

Nne, mwenye jina hakuruhusiwa kuweka tovuti yake mwenyewe. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 2017, na hapo .tel ikawa kiishio kama vingine vyote.

Zaidi ya hayo, tangu M-Pesa ianze Machi 2007, nambari ya simu Kenya imekuwa jina la mtu na mkoba wake pia. Huwezi kutuma pesa kwa .tel.

Hata hivyo wazo lenyewe nalipenda: jina liwe mbele, nambari ziwe nyuma yake. Mfanyabiashara akiniomba ushauri, humwambia aandike ukutani jina la .co.ke chini ya nambari ya simu, na ukurasa wake uwe mwepesi, nambari ikiwa mstari wa kwanza. Ajiwekee pia ukumbusho wa kulipia jina hilo. Na laini ya biashara, hata ukiwa kitandani, mwombe mtu wa nyumbani aitumie mara kwa mara isije ikafa.